Kwa Nini Mgonjwa Hawezi Kuketi: Somo la Kima wa Roskilde kwa Kliniki za Karagwe

Wakulima wa Nyakasimbi, wilayani Karagwe, hawahitaji kufundishwa tabia za tumbili. Mahindi yanapoanza kukomaa, watoto hupangiwa zamu za kuamia, na mtu mzima apitaye kando ya shamba la migomba hutambua kwa mbali kundi lililokwisha kushiba na kundi linalojiandaa kuvamia. Hatazami nyuso za wanyama hao. Hutazama miguu na mikia. Tumbili aliyetulia huketi. Mwenye wasiwasi huinuka, huketi, huinuka tena, hupiga hatua tatu na kurudi palepale.

Macho ya namna hiyo yana kazi kubwa katika chumba cha kliniki kuliko inavyodhaniwa. Achukuliwe kijana wa mfano, asiye mtu fulani bali anayefanana na wengi. Ana umri wa miaka ishirini na miwili, ni mkulima wa kahawa na maharage. Alianza kusikia sauti zinazomtukana, akakataa chakula akidai kimetiwa sumu, na baada ya ndugu kuhangaika naye kwa wiki kadhaa akafikishwa hospitalini. Akaandikiwa haloperidoli. Katika siku chache sauti zikapungua, akakubali kula, akarudishwa nyumbani. Wiki haijaisha, mama yake anamleta kwenye zahanati akiwa amekata tamaa.

“Tangu lini, mama?” anauliza mhudumu.

“Tangu Jumatatu, daktari. Halali, haketi, hata chakula anakila amesimama. Ugonjwa umerudi.”

Kijana mwenyewe yuko nje, anapita mbele ya benchi la wagonjwa, anafika kwenye nguzo ya kibaraza, anageuka, anarudi. Akiambiwa aketi, huketi, kisha miguu huanza kupishana, mapaja hutikisika, na kabla ya dakika mbili kwisha amesimama tena. Hapo ndipo hatari ilipo. Mhudumu akiamini maneno ya mama kwamba wazimu umerudi, ataongeza dozi ya haloperidoli, au ataita watu wamshike kijana achomwe sindano. Kama kilichomwinua kijana kitini ni haloperidoli yenyewe, kuiongeza ni sawa na kumwagia moto mafuta.

Hali hiyo huitwa akathisia. Neno hilo limetoka katika Kigiriki na maana yake ni kutoweza kuketi. Liliingizwa katika utabibu mwaka 1901 na Ladislav Haškovec, daktari wa Prague, aliyeeleza habari za wagonjwa walioshindwa kukaa kitini. Wakati huo dawa za kutuliza maradhi ya akili za aina ya haloperidoli zilikuwa hazijazaliwa. Zilikuja nusu karne baadaye, nazo zikaifanya hali aliyoieleza Haškovec, iliyokuwa adimu, kuwa jambo la kila siku wodini.

Klopromazini, inayofahamika kwa wengi kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Dawa hizo zilifungua milango ya hospitali ambazo hapo awali watu waliingia na kuzeekea ndani. Hakuna sababu ya kuzibeza, na katika vituo vingi vya Tanzania hadi leo ndizo tegemeo, pamoja na sindano ya flufenazini ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Zote hufanya kazi kwa njia moja iliyo kuu: huziba vipokezi vya dopamini ubongoni. Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari, na inapozidi katika baadhi ya njia za ubongo humfanya mtu aone maana na vitisho mahali pasipo navyo. Lakini kemikali hiyohiyo, katika sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu, ndiyo inayolainisha mwendo wa mwili. Dawa inayoziba vipokezi vya dopamini haichagui. Hunyamazisha sauti na papo hapo huvuruga mwendo.

Uvurugikaji huo huja kwa sura mbalimbali, na kila sura ina wakati wake. Katika saa au siku chache za mwanzo, aghalabu ndani ya siku tano, misuli inaweza kukakamaa ghafla: shingo ikapinda, ulimi ukatoka nje, macho yakageukia juu na kubaki huko. Akathisia hufuata katika siku au wiki za mwanzo. Baada ya wiki kadhaa huweza kuja mwendo mzito wa kuburura miguu, mikono isiyopunga na uso usio na hisia, kama wa mwenye ugonjwa wa Parkinson. Na baada ya miezi au miaka, wengine hupata midomo inayotafuna bila chakula na vidole vinavyocheza bila ngoma, hali ambayo mara nyingine haiondoki hata dawa ikisimamishwa.

Inafaa kutaja hapa kwamba si wagonjwa wa akili peke yao wapatao mikasa hii. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika ambayo wengi huiita Plasil na ambayo haikosekani katika maduka ya dawa, nayo huziba vipokezi vya dopamini. Msichana wa sekondari aliyepewa dawa hiyo kwa sababu ya kutapika akiwa na malaria anaweza jioni ileile kupinda shingo na kukodoa macho juu. Katika vijiji vingi jambo hilo husemwa ni mapepo au kurogwa, naye hupelekwa kuombewa au kwa mganga, ambako hupona usiku huohuo au kesho yake kwa sababu dawa imekwisha mwilini, na sifa zikaenda kwingine. Sindano moja ya promethazini katika zahanati ingemaliza shida hiyo kwa muda mfupi.

Promethazini hufanya nini hata shingo ikanyooka? Swali hili ndilo linaloingiza katika mazungumzo kemikali ya pili, asetilikolini.

Asetilikolini ndiyo ya kwanza kuthibitishwa kuwa mjumbe wa neva. Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua neva wa moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua, kisha akahamishia kwenye moyo wa pili maji yaliyouzunguka ule wa kwanza. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo ingawa neva wake haukuguswa. Kulikuwa na kitu ndani ya maji. Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kazi zao kuhusu kitu hicho. Mkulima wa Karagwe anaifahamu asetilikolini kwa ubaya wake hata kama hajalisikia jina lake. Baadhi ya dawa za kunyunyizia kahawa na za kuogeshea mifugo, zile za jamii ya oganofosfati, huua wadudu kwa kuzuia asetilikolini isivunjwevunjwe. Mtu aliyeimeza au aliyelowa dawa hiyo hutokwa na mate, machozi na jasho, hutapika, huharisha, mboni za macho husinyaa, misuli huchezacheza, na asipowahi kupewa atropini hufa kwa kushindwa kupumua. Huo ndio mwili uliofurika asetilikolini.

Ndani ya striatamu, dopamini na asetilikolini hukaa kama pande mbili za mizani ya chama cha ushirika inayopimia kahawa. Upande mmoja ukishuka, mwingine hupanda. Haloperidoli ikiziba dopamini, asetilikolini hupata nguvu kupita kiasi na misuli hukakamaa. Ukitoa dawa ya kuzuia asetilikolini, mizani hurudi sawa na shingo hunyooka. Promethazini, licha ya kuwa dawa ya mzio, ina uwezo huo. Benziheksoli, maarufu kwa jina la Artane, ina uwezo mkubwa zaidi, na imekuwa ikitumika tangu mwaka 1949. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, madaktari wa Paris waliwapa wagonjwa wa Parkinson mimea ya ukoo wa mnanaha, ule uotao jalalani na ambao watoto huonywa wasiuguse.

Maelezo haya ya mizani yamefundishwa katika vyuo vya utabibu kwa miaka mingi, nayo ni mazuri kwa sababu yanakumbukika. Kasoro yake ni kwamba yalizaa imani moja iliyodumu mno: kwamba asetilikolini ni adui wa mwendo, na kwamba dawa yoyote inayoiongezea nguvu ingemfanya mgonjwa akakamae au ahangaike zaidi. Waliokuja kuitikisa imani hiyo ni kima.

Kima waliohusika si jamaa wa tumbili wa Nyakasimbi kwa karibu. Ni kima wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao Cebus, nao waliishi mbali na kwao na mbali zaidi na Karagwe, katika hospitali kongwe ya magonjwa ya akili ya Sankt Hans, mjini Roskilde, nchini Denmark. Huko, kuanzia miaka ya 1970, watafiti kama Jes Gerlach na wenzake waliwatumia kuchunguza jinsi dawa za akili zinavyovuruga mwendo. Panya hawakufaa sana kwa kazi hiyo. Panya aliyepewa haloperidoli huganda tu kama kipande cha mti. Hana uso wa kusoma wala vidole vya kuchezesha. Kima hupinda shingo, hutoa ulimi, hukunja mgongo na huzungukazunguka ngomeni kama mtu azungukavyo wodini. Mtafiti aliyeketi mbele ya ngome, au aliyetazama mkanda wa video, aliweza kuhesabu na kupima.

Majaribio ya awali yalielekea kuithibitisha mizani. Kima waliokakamaa kwa dawa za kuziba dopamini walilegea walipopewa dawa za kuzuia asetilikolini kama biperideni, na fizostigmini, ambayo huongeza asetilikolini, haikuwasaidia bali ilizidisha mkakamao. Fizostigmini yenyewe ina asili ya Afrika: hutoka katika maharage ya Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, ambako zamani mtuhumiwa wa uchawi alilazimishwa kuyala ili ijulikane kama ana hatia. Aliyetapika aliachiliwa.

Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Roskilde pamoja na wenzao wa kampuni ya Lilly walichapisha jaribio la aina nyingine. Safari hii walichukua kima ambao hawakuwahi kupewa dawa za akili, wakawapa amfetamini. Dawa hiyo hufurisha dopamini ubongoni, na kwa binadamu matumizi yake makubwa huweza kuleta hali isiyo rahisi kutofautishwa na skizofrenia. Kima waliopewa amfetamini hawakutulia. Walihangaika huku na huko, walirudiarudia kitendo kimoja bila kusudi, macho yalikuwa makali kama ya mnyama anayewindwa. Kisha wakapewa zanomelini.

Zanomelini ni dawa ya upande wa asetilikolini. Haizibi vipokezi vya dopamini hata kidogo. Huamsha vipokezi vya asetilikolini vya kundi la muskarini. Kwa hesabu ya mizani, kima hao wangetarajiwa kukakamaa. Haikuwa hivyo. Mahangaiko yao yalipungua, vitendo vya kurudiarudia vilipungua, na ukali wa macho ukashuka. Matokeo yalifanana walipotumia apomofini, ambayo husisimua vipokezi vya dopamini moja kwa moja. Na hata dozi ya zanomelini ilipopandishwa hatua kwa hatua, hakuna kima aliyepinda shingo wala kutoa ulimi. Kilichojitokeza ni kutapika, kwa baadhi yao, dozi ilipokuwa kubwa.

Kwa mtu aliyezoea kuona wagonjwa wakilipia utulivu wa akili kwa gharama ya mwili, matokeo hayo yalikuwa makubwa. Mahangaiko yanayotokana na wazimu yalitulizwa na dawa ambayo haikuzaa mahangaiko ya pili.

Tofauti kati ya fizostigmini na zanomelini iko katika uchaguzi. Vipokezi vya muskarini viko vya aina tano. Fizostigmini huongeza asetilikolini kila mahali, ikagusa aina zote tano pamoja na vipokezi vingine vya neva na misuli. Ni kama mtu anayepiga yowe kijiji kizima ilhali alimtaka jirani mmoja. Zanomelini huelekea zaidi kwenye aina ya kwanza na ya nne. Aina ya nne imejaa ndani ya striatamu, juu ya seli ambazo dopamini huzichochea, na ikiamshwa huzipunguzia seli hizo mchemko. Tena huweza kupunguza utoaji wenyewe wa dopamini kutoka chanzo chake. Hivyo dopamini hupunguzwa mdomo bila kuzibwa. Mizani ya vyuoni haikuwa ya uongo, ila ilikuwa na pande chache mno.

Kima si binadamu, na kutapika kwa kima wale hakukuwa jambo dogo la kupuuzwa. Tayari mwaka 1997 zanomelini ilikuwa imechapishiwa jaribio kwa wazee 343 wenye ugonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Ilipunguza maono, udhanifu na mahangaiko yao, lakini kati ya waliopewa dozi ya juu zaidi ya nusu waliacha kwa sababu ya madhara: kichefuchefu, kutapika, tumbo, kuzirai. Asetilikolini haikai ubongoni tu. Ipo tumboni, moyoni, kwenye kibofu na kwenye tezi za mate, na dawa inayoiiga huenda kote huko. Mtu aliyewahi kumhudumia mkulima aliyelowa dawa ya kuogeshea ng’ombe haitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo sababu zanomelini ilikaa kabatini kwa miaka mingi ingawa ilikwisha kuonyesha thamani yake.

Jibu lililopatikana baadaye ni la kushangaza kwa urahisi wake. Zanomelini iliunganishwa katika kidonge kimoja na trospia, dawa ya zamani ya kibofu inayozuia asetilikolini lakini isiyopenya vizuri kuingia ubongoni. Trospia hulinda tumbo na viungo vya nje. Zanomelini huachiwa ubongo. Majaribio ya wiki tano kwa wagonjwa wa skizofrenia, la kwanza likiwa na watu 182 na kuchapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba mchanganyiko huo ulipunguza dalili kuliko kidonge kitupu, na akathisia na mikakamao haikuwa tatizo kubwa kama ilivyozoeleka. Tarehe 26 Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha kwa jina la Cobenfy. Ulikuwa ni mlango mpya wa kwanza katika tiba ya skizofrenia baada ya takriban miaka sabini ya kupita mlango uleule wa dopamini.

Hata hivyo sifa zisizidi kipimo. Bado kuna kichefuchefu, kuvimbiwa, kufunga choo, mapigo ya moyo kwenda mbio na shinikizo la damu kupanda. Haiwafai wenye ini lililodhoofika wala wanaofunga mkojo. Jaribio lililotaka kuonyesha kwamba dawa hiyo ikiongezwa juu ya dawa za kawaida huleta nafuu zaidi halikufikia lengo lake mwaka 2025. Na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa takriban dola 1,850 kwa mwezi, kiasi ambacho familia nyingi za wakulima wa kahawa hazikishiki kwa msimu mzima.

Kuna mwiba mwingine ambao haujasemwa vya kutosha. Katika kliniki nyingi, kila anayeandikiwa haloperidoli huandikiwa na benziheksoli papo hapo, kwa mazoea, kama chai na sukari. Benziheksoli hupenya ubongoni na kuziba vipokezi vilevile vya muskarini ambavyo zanomelini huvitafuta. Siku dawa za ukoo wa zanomelini zitakapofika katika hospitali za Kagera, mazoea hayo yanaweza kuzifuta nguvu kabla hazijafanya kazi. Na hata sasa, kabla hazijafika, mazoea hayo yana gharama. Shirika la Afya Duniani halishauri benziheksoli na jamaa zake zitolewe kwa kila mtu ili kukinga madhara ambayo bado hayajatokea. Hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo, hupunguza uwezo wa kuona karibu, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa. Huweza kuzidisha ile hali ya midomo kutafuna ovyo. Baadhi ya vijana huitafuta kwa ajili ya ulevi. Huondoa mkakamao kwa uhakika, hulegeza ugumu wa mwendo, lakini kwa akathisia, ambayo ndiyo iliyomtoa kijana wa mfano kitini, msaada wake ni mdogo na hautabiriki.

Basi kijana yule bado anatembea kibarazani.

Hatua ya kwanza ni kumtazama kwa utaratibu. Thomas Barnes, daktari wa Uingereza, alitunga mwaka 1989 kipimo kinachotumika duniani kote, nacho hakihitaji chombo chochote ila saa na kiti. Mgonjwa huketishwa, hutazamwa kwa angalau dakika mbili huku akizungumzishwa mambo ya kawaida. Kisha husimamishwa na kutazamwa tena kwa muda uleule. Miguu inapishana? Anakanyaga papo hapo kama anayeponda udongo wa matofali? Baada ya hapo huulizwa swali ambalo wengi husahau kuuliza: je, unatembea kwa sababu unapenda, au kwa sababu huwezi kuacha? Mwenye wazimu uliorudi atasema anakimbia wanaomfuata, au sauti zimemwamuru. Mwenye akathisia kwa kawaida hujibu kwa namna hii: “Miguu inanikataza kukaa. Ndani mwangu kuna kitu kinachemka.” Anajua kwamba jambo hilo si la kawaida, na linamtesa.

Mateso hayo yasichukuliwe kwa wepesi. Akathisia imehusishwa na mawazo ya kujiua na kujiua kwenyewe, na ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya wagonjwa kutupa dawa kisiri. Familia hushangaa: alikuwa amepona, mbona ameacha dawa? Hakuacha kwa ukaidi. Ndugu anayeona mgonjwa wake hatulii tangu dawa ianzishwe au iongezwe, asingoje tarehe ya kliniki, na asiikatishe dawa kimyakimya, kwa sababu ugonjwa wa asili nao unaweza kurudi kwa nguvu. Amrudishe kituoni na kusema siku dawa ilipoanza na siku mahangaiko yalipoanza. Tarehe hizo mbili, zikiwa karibukaribu, humsaidia tabibu kuliko maelezo marefu.

Kwa upande wa tabibu, dawa bora ya akathisia mara nyingi ni kupunguza dozi iliyoizaa. Haloperidoli nyingi huandikwa kwa kiwango kikubwa kuliko mahitaji, hasa pale mgonjwa alipofikishwa akiwa mkali na dozi ya siku hiyo ikaendelezwa kwa miezi. Kupunguza kusipowezekana, au kusipotosha, propranololi ipo katika vituo vingi kwa ajili ya shinikizo la damu na hutumika pia hapa, kwa kuanzia miligramu 10 mara mbili au tatu kwa siku, ikipandishwa taratibu huku mapigo na shinikizo vikipimwa. Asipewe mwenye pumu wala mwenye mapigo ya moyo ya polepole. Hospitali ikiwa na olanzapini au dawa nyingine isiyozaa akathisia kwa kiwango cha haloperidoli, kubadilisha ni jambo la kuzungumzwa na mtaalamu. Aliyechomwa sindano ya muda mrefu ana shida ya peke yake, kwani dawa ikishaingia haitolewi. Huyo huhitaji kutunzwa, kupewa propranololi na kufuatiliwa kwa karibu hadi makali yapite, na sindano inayofuata ifikiriwe upya.

Katika simulizi la dawa hizi kima wana deni lisilolipwa. Upande huu wa Ziwa Viktoria unajua jambo hilo kwa njia ya kipekee. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda kwenda maabara za Ulaya, ambako figo zao zilihitajika katika utengenezaji wa chanjo, walifika na kirusi kisichojulikana. Watu 31 wa Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua na 7 kufa, na ugonjwa ukapewa jina la mji wa Ujerumani. Jina hilo lilisikika Kagera kwa mara ya kwanza mwezi Machi 2023. Afrika Mashariki ina kituo chake cha utafiti wa wanyama hao jijini Nairobi, kilichochipuka kutoka kazi ya Louis Leakey huko Tigoni, na masharti ya kuwatumia yamekuwa makali zaidi kila muongo. Wapo wanaoona hata masharti hayo hayatoshi, na hoja yao ina uzito: mnyama aliyepewa amfetamini hakuombwa ridhaa. Walau matokeo ya taabu yake yasikosewe kusomwa.

Mama wa kijana, akielezwa haya kwa lugha ya kawaida, kwa kawaida huuliza jambo moja tu: “Kwa hiyo si wazimu wake?” Na tabibu, baada ya kuandika dozi mpya na tarehe ya kurudi baada ya siku tatu badala ya mwezi mmoja, humjibu kwamba hapana, mama, hii ni dawa, nayo inarekebishika. Nje, kijana anafika kwenye nguzo, anageuka.